Gramu 75

Nilitoa simu nikajumlisha: 2,430 na 75.

Ikatoka 2,505.

Nilikuwa nimekaa mkekani nyumbani kwa dada yangu, Jang'ombe, mjini Unguja, baada ya sala ya Magharibi. Mbele yangu lilikuwepo lile bati la biskuti ambalo tangu sisi wadogo linawekwa karatasi za nyumba: vyeti, hati ya kiwanja, picha za pasipoti zilizoshikana kwa unyevu. Nilikuwa natafuta cheti changu cha kuzaliwa. Nikakutana na kadi ya kliniki ya Raya, mwanawe wa pili, imekunjwa mara mbili, kona moja imeliwa na mende. Kalamu ya buluu, mwandiko wa muuguzi mwenye haraka: Januari 2009. Uzito wa kuzaliwa, gramu 2,430.

"Unahesabu nini?" Dada aliniuliza kutoka jikoni. Alikuwa anasukuma chapati.

"Hesabu za kazi tu."

Nilimdanganya. Hesabu ile ilikuwa ya mtoto wake, na kwa wiki tatu baada ya hapo sikuwa na raha kila nikimwona Raya anaingia na mkoba wake wa skuli begani.

Nilimjibuje?

Naanza nyuma kidogo, maana bati lile lisingenishughulisha kama si bibi mmoja wa Makunduchi.

Mimi ni mdodosaji. Ikitokea kazi ya utafiti, naitwa, napewa kishikwambi na orodha ya nyumba, nabisha hodi. Safari ile dodoso lilikuwa la matumizi ya nyumbani: mkaa, gesi, mafuta ya taa, umeme. Katika siku saba zilizopita umenunua nini, kwa bei gani, nani aliamua. Wanaoagiza kazi hizi wanataka kujua mtu anachaguaje, kwa nini ana jiko la gesi ukumbini limefunikwa kitambaa na chakula bado kinapikwa kwa kuni uani.

Bibi alinipokea vizuri, akanipa mkeka na maji ya kunywa. Alijibu maswali yote arubaini na kitu bila kuchoka. Nilipofunga kishikwambi, akaniuliza yeye.

"Mwanangu, mwaka juzi alikuja mwenzako akaniuliza haya haya. Hebu niambie, nilimjibuje?"

Nikacheka nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Alitaka kujua kama mwaka juzi alikuwa anatumia mkaa mwingi kuliko sasa, kwa sababu yeye mwenyewe hakumbuki, na aliona kuna mtu aliyeandika. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kabisa: umekwenda na maneno yangu, sasa umerudi, yako wapi?

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamtafutia. Ndivyo tunavyosema sote, lakini usiku ule nilikaa kweli kutafuta. Utafiti wa mwaka juzi sikuupata. Nilichokipata ni kazi ya mchumi mmoja wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, anaitwa Alfredo Burlando, aliyechapisha makala mbili mwaka 2014. Zote mbili zinahusu Unguja, na mwezi ambao mimi mwenyewe naukumbuka hadi harufu yake.

Usiku wa fainali

Aliyekuwepo hahitaji kuelezwa. Jumatano ya tarehe 21 Mei 2008, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Manchester United na Chelsea, Moscow. Mtaa mzima umejaa kwenye runinga ya jirani yetu, ilitolewa ikawekwa dirishani ili walioko nje nao waone. Mpira ulikuwa haujafika mbali. Wapo wanaoapa kwamba Ronaldo alishafunga na wapo wanaoapa kwamba hajafunga. Ubishi huo bado unaendelea barazani, kwa sababu umeme ulikatika na hakuna aliyeona kilichofuata.

Tulisubiri. Watu walipiga kelele, wakatukana, wakachoka, wakaenda kulala.

Ulirudi tarehe 18 Juni.

Wiki nne. Kinachonirudia zaidi ni mlio wa jenereta za wenye uwezo, usiku kucha, na harufu ya petroli kwenye vichochoro vilivyozoea harufu ya karafuu na samaki. Mishumaa ilipanda bei. Kandili zilizokuwa zimetundikwa kama mapambo zilishushwa, zikafutwa vumbi, zikatiwa utambi. Shemeji yangu, mume wa Dada, ni fundi wa kuchomea mageti na madirisha. Mashine yake ilikaa pembeni kama jiwe. Asubuhi alikuwa anatoka kama kawaida, anafungua karakana, anakaa kwenye benchi, jioni anafunga. Nilikuwa namwona akipita. Mtu aliyetoka kazini anatembea kivyake. Yeye alikuwa anatembea kama mtu anayetoka mazikoni.

Na Dada, bila kujua bado, alikuwa na Raya tumboni.

Waya chini ya bahari

Kebo iliyokuwa inatulisha wakati ule ililazwa mwaka 1980, kuvuka mlango wa bahari kutoka bara mpaka Ras Fumba, masafa yasiyofika kilomita 40. Uwezo wake ulikuwa megawati 45. Wakati inalazwa nadhani ilionekana ni nyingi mno. Hoteli za mashariki zilikuwa bado hazijajengwa, majokofu yalikuwa ya kuhesabika mtaani.

Kuna jambo moja la fizikia ambalo nililisoma skuli nikalifanyia mtihani na kulisahau, nikaja kulielewa hivi karibuni tu. Umeme unapopita kwenye waya huacha joto. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto haliongezeki mara mbili, linaongezeka mara nne. Joto hilo ndilo linalozeesha ganda la kebo, kidogo kidogo, miaka na miaka, na ganda likishindwa pahala pamoja tu basi kisiwa kizima kiko gizani. Si waya wa kuungwa kwa koleo na utepe mweusi. Fundi wake hapatikani Darajani wala Kariakoo, na vipuri vyake haviko dukani.

Tulikuwa tumeutundika mji wetu wote kwenye uzi mmoja.

Giza la pili, lililoanza Disemba 2009 hadi Machi 2010, lilikuwa refu zaidi, miezi mitatu. Kebo mpya ya megawati 100 ilikuja kukamilika 2013 kwa fedha za Marekani. Wenzetu Pemba mwaka 2008 hawakuguswa. Walikuwa bado na mitambo yao ya dizeli pale Wesha, na kebo yao ya kutoka Tanga ilikuja 2010. Nakumbuka binamu yangu wa Chake Chake alipiga simu kutupa pole, na nilivyoona kinyume: siku zote sisi ndio tulikuwa tunawapa pole wao.

Mtoto kwenye jedwali

Sasa Burlando. Yeye aliliona giza lile kama jaribio ambalo hakuna mtu aliyelipanga. Huwezi kuwaambia watu laki kadhaa wakae bila umeme mwezi mzima ili uone itakuwaje. Lakini likishatokea lenyewe, ghafla, bila mtu kujiandaa, linakupa kabla na baada. Wapo ambao kazi yao ni ya umeme na wapo ambao kazi yao haihusiani nao: mkulima wa muhogo na fundi wa kuchomea. Ukiwalinganisha unaona giza lilimfanya nini nani.

Saa za kazi za wale wa umeme zilianguka. Hilo ningemwambia mimi bure.

Kisha alichukua rekodi za uzazi, maelfu ya watoto, akapima uzito wao. Watoto waliokuwa tumboni wakati wa giza walizaliwa wepesi kuliko ilivyotarajiwa. Kwa wastani, gramu 75.

Gramu 75 ni andazi moja. Nilikwenda kulipima, dukani kwa mpemba wetu wa mtaani, kwenye mizani yake ya sukari. Andazi la kawaida, na nusu kijiko cha sukari juu yake.

Shirika la Afya Duniani linamhesabu mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 2,500 kuwa ana uzito pungufu. Ndiyo maana mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye simu siku ile mkekani. Raya 2,430. Mrudishie andazi lake, anakuwa 2,505, anavuka mstari.

Mtu amekaa Oregon, ana jedwali, na ndani ya jedwali mna mpwa wangu hana jina.

Nilikosea wapi

Ilinichukua siku nyingi kukubali kwamba ile hesabu yangu ni batili.

Mimi hii ndiyo kazi yangu na ningepaswa kujua. Wastani ni wa kundi. Ukisema wasafiri wa daladala hii wana wastani wa miaka thelathini, huwezi kumshika mmoja ukamwambia una miaka thelathini. Huenda ni mtoto wa miaka minne na babu yake. Ndani ya zile gramu 75 wamo watoto ambao hawakupungukiwa hata moja, kwa kuwa baba zao wavuvi na maisha yao hayakubadilika, na wamo waliopungukiwa nyingi. Raya ni yupi kati yao, hakuna hesabu itakayosema. Huenda angezaliwa mdogo vilevile. Bibi mzaa mama yake ni mwanamke mfupi mwembamba, na sote tumemfuata.

Hilo nalijua. Na bado kila nikilala niliona 2,505.

Nikazidi kujitesa kwa kusoma. Katika kaunti ya Hertfordshire, Uingereza, mkaguzi wa wakunga aliyeitwa Ethel Margaret Burnside aliagiza tangu 1911 kila mtoto apimwe anapozaliwa na anapotimiza mwaka, na iandikwe daftarini. Madaftari yalikaa. Miongo mingi baadaye daktari David Barker na wenzake waliyafufua, wakawafuatilia wanaume zaidi ya elfu tano waliozaliwa kule kati ya 1911 na 1930, na mwaka 1989 wakatangaza kwamba waliokuwa wepesi zaidi utotoni ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo ukubwani. Nilifunga simu. Raya ana miaka kumi na sita, anaruka kamba uani na wadogo zake, na mimi shangazi mtu, samahani, mama mdogo, nimeshamfanya mgonjwa wa moyo kichwani mwangu.

Lakini nilipotulia kilichobaki kwangu ni wale wakunga wa Hertfordshire waliojaza madaftari. Hakuna hata mmoja wao aliyejua anaandika kwa ajili ya nini. Na nikamfikiria muuguzi wa kalamu ya buluu. Alikuwa na foleni, na wodi imejaa. Angeweza kuandika 2,500 kamili akaendelea na wengine, na nani angemuuliza? Aliweka kichanga kwenye mizani, akasubiri mshale utulie, akaandika 2,430.

Walichokicheka Wamarekani

Makala ya pili ya Burlando ni ya idadi ya watoto. Miezi minane hadi kumi baada ya giza, vizazi viliongezeka. Mtaani tulikuwa tunasema kwa kucheka, "watoto wa giza," kila mtu ana wake wa kumtolea mfano. Wataalamu walikuwa hawaamini maneno ya namna hii. Novemba 1965 umeme ulikatika New York usiku mmoja, na miezi tisa baadaye magazeti yakaandika kwamba hospitali zimejaa wazazi. Mtaalamu wa idadi ya watu, J. Richard Udry, akahesabu, na mwaka 1970 akaonyesha kwamba hakukuwa na ongezeko lolote. Hadithi ikazikwa, ikawa mfano wa kufundishia wanafunzi wasiamini uvumi.

New York ilikuwa usiku mmoja. Sisi wiki nne.

Kilichonivutia ni hiki: ongezeko lilionekana katika vijiji vilivyofikiwa na umeme, hata vile ambavyo nyumba chache tu zimeungiwa. Vijiji visivyo na umeme kabisa, hakuna kilichobadilika. Sasa vipi nyumba isiyo na umeme iguswe na kukatika kwa umeme? Burlando anaelekeza kwenye jioni za watu, namna zinavyopitishwa. Mimi nikaona dirisha la jirani yetu, runinga imeelekezwa nje, na wanaume arubaini wamesimama. Nyumba yenye umeme ni moja. Ilipozimika, wote arubaini walirudi majumbani mwao mapema, na wengi wao kwao hakukuwa na hata taa ya kuzimika.

Katika dodoso langu kuna swali: "Je, nyumba yako imeungiwa umeme?" Ndiyo au hapana. Nimeliuliza mara elfu. Bibi wa Makunduchi alijibu hapana, nikabonyeza, nikapita.

Dada

Nilimwambia siku ya Ijumaa, baada ya chakula, shemeji ametoka. Niliogopa kwamba atasikia kama namwambia hakumlisha mtoto wake. Nilijiandaa vya kutosha, nikazunguka sana, mpaka akasema, "Wewe sema, mbona unanitisha?"

Nikasema. Giza, kazi za wanaume, pesa, gramu 75, wastani ni nini. Nikamwonyesha na kadi.

Alinyamaza. Halafu akasema, "Tulikula."

"Najua, Dada."

"Hatukulala njaa hata siku moja. Muhogo, chai ya rangi, dagaa. Shemeji yako alikopa, lakini tulikula."

Nikataka kuomba radhi. Akanizuia kwa mkono.

"Waliuliza habari ya maji?"

Sikumfahamu.

"Pampu hazikuwa zinavuta. Mfereji mkavu. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, nakwenda kisimani kule chini, narudi na ndoo kichwani na dumu mkononi. Safari mbili kabla ya jua, safari mbili jioni. Mwezi mzima. Sikujua kama nina mimba. Nilivyojua nikasema Mungu wangu, zile ndoo." Akaishika kadi, akaigeuza nyuma na mbele. "Miaka yote hii mimi nikimwona huyu mwembamba nasema ni ndoo. Wewe unaniambia ni pesa."

Nilikaa kimya. Nilikuja kumpa habari, kumbe yeye ana maelezo yake tangu 2009, tena yenye akili. Mwanamke mja mzito anayebeba maji safari nne kwa siku anaweza kupungua, hata kama anakula. Na pengine yote mawili yamo, pesa na ndoo, na usingizi uliokatika, na hofu. Daftari la wodi lina nafasi ya uzito wa mtoto. Halina nafasi ya ndoo. Mtafiti anafanya kazi na kilichoandikwa, simlaumu. Namshukuru, kwa sababu bila yeye mwezi ule ungebaki ni hadithi ya fainali tusiyoiona.

Ila nimeumia kwamba ilimchukua Dada miaka kumi na sita kuulizwa, na aliyemuuliza ni mdogo wake, tena kwa bahati.

Raya alirudi akatukuta na kadi. Akaelezwa. Yeye alitaka kujua jambo moja tu, kama jina lake limo kwenye makala. Nilipomwambia halimo, akasema, "Sasa wanajuaje ni mimi?" Nikasema hawajui. Akaonekana ametulia, akaenda kutafuta chapati.

Makunduchi tena

Jumamosi iliyopita nilipanda daladala kwenda Makunduchi. Hakuna aliyenituma na nauli nilijilipia. Utafiti wa mwaka juzi sijaupata bado. Niliyachapisha majibu yake ya safari hii, yale yake mwenyewe, kwenye karatasi mbili, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Alimwita mjukuu wake asome kwa sauti. Kwenye mkaa alimkatisha, "Hapo nilisema kipolo kimoja, si viwili. Rekebisha." Nikarekebisha kwa kalamu. Nikamuuliza pia jioni wanakaa wapi, na runinga wanaangalia kwa nani. Alizungumza nusu saa.

Niliporudi mjini nilipitia kwa Dada. Alikuwa amelitoa bati la biskuti tena, na kadi ya Raya iko juu ya mkeka, uso wake chini.

"Una kalamu?" akaniuliza. "Mwandiko wako mzuri. Andika hapo nyuma: giza, Mei 2008. Halafu andika ndoo nne kwa siku."